Mufalme na liste ya benye kuongea

Mwaka wa mwisho wa sekondari, mi njo nilikuwa shefu wa klasi. Kwetu Lubumbashi shefu wa klasi si muntu wa kuchezea: mwalimu akitoka, unabakia na karatasi, unaandika majina ya benye kuongea. Ile liste ikifika kwa prefe, mukubwa wa masomo, hakuna mwenye kubishana nayo. Nilipenda ile karatasi kupita kiasi, sitadanganya.

Siku moja rafiki yangu, mwenye tulikaa naye banki moja mu klasi, aliongea mpaka akachoka. Sikumuandika. Lakini prefe hapokei liste bila jina, atasema shefu alisinzia. Njo nikaandika binti mumoja mupole wa banki ya nyuma, hata kinywa hakufungua. Nilijiambia, huyu hatalalamika. Na kweli hakulalamika.

Prefe akamufukuza mpaka mama yake aje. Maskini, mama alikuwa mbali, Pweto, alienda kutafuta samaki ya kukauka ya kuuza ku soko ya Kampemba, na siku ya kurudi kwake hakuna aliyeijua. Egzame, mutihani wa mwisho, ilibakiza siku ine. Asiyeingia, mwaka wake umekwisha.

Kila asubui binti alikuja na iniforme yake, akasimama inje ya dirisha, anaandika masomo kwa kaye, daftari yake, aliyoegemeza ku ukuta. Wiki ile tulikuwa tunasoma tamthilia ya zamani, ya mufalme aliyeua bantu juu ya kulinda kiti chake. Mi njo nilipewa kusoma maneno ya mufalme. Nilisoma na kiburi chote. Mwalimu akauliza:

"Huyu, ubaya wake ulianzia wapi?"

Klasi yote ikajibu: siku aliua muntu wa kwanza. Mwalimu akatikisa kichwa, akageukia dirisha.

"Na wewe, mama?" alimuuliza binti kwa heshima.

"Pale aliona iko muntu hatasema kitu," binti alijibu, macho ku kaye.

Nilisikia aibu. Kengele ilipolia nilienda kwa prefe, nikasema yote.

"Basi, yeye aingie," alisema. "Wewe utoke, ulete mama yako."

Mama yangu angepata nafasi kesho yake muchana tu. Asubui, mbele ya mama kufika, nilisimama inje, pale pale binti alikuwa anasimama. Mwalimu akaanza. Binti akaondoka ku banki ya nyuma, akakuja akafungua dirisha yote, nisikie muzuri, kisha akarudi kukaa. Nililia, mi shefu muzima.