Ebiere Hasubiri Mkubwa Amalize

Ebiere Tamuno hapendwi, wala hajali. Miaka tisa alijenga programu katika ofisi moja ya Yaba, Lagos, na kila aliyeketi karibu naye ana kisa cha kumlalamikia.

Ugomvi wa mwisho ulihusu programu ya daftari la wodi ya hospitali: wauguzi wengi, kila mmoja na kompyuta yake, wakiandika kwenye rekodi ileile ya mgonjwa. Wawili wakiandika kwa pamoja, Ebiere alitaka programu itunze maandishi ya wote wawili na kuwaonyesha. Bosi wake, Adegbenro, akachagua njia ya mkato: rekodi ya anayehifadhi mwisho inaifuta ya mwenzake.

"Miezi miwili tunaijaribu, imegoma wapi?" alifoka.

Haikugoma, na sababu ni adabu zao za kipuuzi. Bosi akiandika, vijana walikunja mikono mpaka amalize. Programu ya watu wengi ilijaribiwa kwa foleni!

Siku ya kuwaonyesha watu wa hospitali, Adegbenro alimwonya, "Ukifungua mdomo, kesho usirudi."

Mambo yakaenda murua. Mama Ibidun, muuguzi mkuu, akashika kalamu atie saini mkataba. Ebiere aliogopa. Kazi hii ndiyo pekee aliyowahi kuipenda.

"Mama, ngoja kwanza. Wewe na muuguzi wako huyu kijana andikeni, mgonjwa mmoja, sasa hivi."

"Ebiere, keti!" bosi alinguruma.

Mama Ibidun aliandika kwamba mgonjwa anadhurika na penisilini. Muuguzi kijana akaweka mikono mapajani, akimngoja mkubwa wake.

"Usimngoje, wewe! Badilisha namba ya kitanda. Mama, hifadhi. Na wewe, hifadhi!"

Namba mpya ya kitanda ikatokea. Onyo la penisilini halikuwapo.

"Nimeandika hapa," Mama Ibidun alisema. "Maneno yangu yako wapi?"

Adegbenro alicheka kicheko kikavu, akasema ni hitilafu ndogo tu. Mama Ibidun akatia kalamu mkobani, akaondoka na watu wake.

"Toka," bosi alimwambia Ebiere.

Alikusanya vitu vyake huku ofisi nzima ikimkodolea macho ya chuki. Uduak, ambaye Ebiere ndiye aliyemfundisha kazi hii tangu hajui lolote, alimzibia njia.

"Tumekosa kazi sote. Umefurahi sasa, dada?"

"Hapana," Ebiere alijibu, na ilikuwa kweli. Uduak hakumpisha. Ikabidi amsukume kwa bega apite.