Dagaa wa Buvuma na Kuku Wangu wa Mbale

Kuku wangu walikuwa wameanza kula mayai yao wenyewe. Ndiyo sababu nilisafiri. Nilipostaafu uaskari magereza nilifuga kuku wa mayai hapa Mbale, na kuku asipopata dagaa hugeuka mwizi wa kiota chake. Dagaa, au mukene kama tunavyowaita, niliuziwa na Mama Hadija wa mtaa wa Namatala. Kosa lake lilikuwa moja: kila mwezi aliadimika wiki nzima. "Afande, wiki hii samaki hakuna," alisema. Ziwa lote likose dagaa? Nimesikiliza visingizio vya wafungwa miaka ishirini na mitano. Nikamfukuza mbele ya majirani kabla hajamaliza kusema, nikaapa kuwafuata dagaa mwenyewe visiwani Buvuma. Kuku nilimwachia mke wangu.

Jumatatu alfajiri niliondoka kwa lori la mahindi. Nilikuwa nimechagua siku za mwezi mpevu kwa makusudi, maana boti ikichelewa majini sipendi kushuka gizani. Lori liliposimama Busiu kupakia, nilinunua mikungu miwili ya ndizi ya kuwapelekea wenyeji. Tulifika Jinja jioni.

Asubuhi, saa mbili, nilikuwa Masese, penye gati la boti za visiwani. Magugu maji yalikuwa yametanda pote, ungedhani ni shamba. Mabaharia walisukuma boti kwa fito karibu nusu saa kabla ya kuwasha mashine.

Saa saba mchana tulifika. Buvuma ni kundi la visiwa vingi. Kile kikubwa kina msitu na mashamba, nacho hupeleka mbao na makaa Jinja. Vidogo ni mawe na mchanga, hata muhogo huletwa kwa boti. Sangara huondoka juu ya barafu kwenda viwandani, na dagaa huachiwa wanawake, ambao huwaanika juani. Nilishukia kisiwa kimoja kidogo, kifua mbele. Majabali ya kuanikia yalikuwa matupu. Taa za karabai zilikuwa zimefunikwa magunia, na wavuvi walikuwa wakicheza bao la mweso.

Mama Kagoya, mmoja wa waanikaji, alinipokea, nikajitambulisha kuwa afande mstaafu kutoka Mbale.

"Mukene iko wapi?" nilimuuliza.

"Hakuna, afande."

"Ziwa yote?"

"Mwezi iko kubwa. Samaki nafuata taa. Sasa mwezi namulika maji yote, taa yetu samaki gani ataangalia? Huko Mbale hakuna mtu aliambia wewe?"

Masikio yaliniwaka moto. Alikuwepo aliyetaka kuniambia, nami nilimfukuza. Siku hiyo, katikati ya ziwa, nilikula ndizi zangu mwenyewe kwa maharage.

Siku tano zilizofuata nilichanja kuni na kufagia majabali. Niliona aibu, na niliwaza kuku. Asubuhi ya siku ya sita boti zilirudi zimejaa, nikaanika dagaa pamoja na Mama Kagoya mpaka mgongo ukalia. Walipokauka, nilivuka kurudi na magunia matatu.

Nyumbani nilikuta mke wangu amewapoza kuku kwa mashudu ya pamba. Sikukaa. Nilichukua gunia moja nikaenda Namatala. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwomba mtu msamaha, lakini huyu nilimfukuza mbele za watu, kwa hiyo nilisubiri majirani zake watoke nje.

"Mama Hadija, mimi nilikosea. Nisamehe. Gunia hii ni yako."

Alinitazama, akalitazama gunia.

"Wewe ulienda siku gani?"

"Mwezi ikiwa kubwa."

Alicheka mpaka akalikalia lile gunia. Majirani nao walicheka, na mimi nikacheka, maana nilistahili. Kisha akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Afande, mwezi ikikaribia kuwa kubwa, nunua gunia mbili, weka moja. Ni hiyo tu nilitaka kuambia wewe siku ile."