Chipukizi la Upande Mzima

Bassou alikwea mtende wa kwanza akiwa na miaka saba. Hadi anatimiza sitini hakuna mtu katika bonde la Draa aliyemshinda kwa kupandisha chavua juu ya miti: pekupeku, kamba kiunoni, maua ya mtende dume yamefungwa kitambaani. Baba yake alimwachia mitende kumi na minane ya Mejhuli, aina ya tende kubwa tamu, naye aliipenda kuliko alivyothubutu kusema.

Mwaka alioposwa Tuda, binti yake wa pekee, Bassou aliona kuti moja la mtende mkubwa limekuwa jeupe upande mmoja. Bayudi. Ugonjwa huo huanza na kuti moja, humaliza shamba. Alilikata, akalichoma, asimwambie hata mkewe.

Lakini binti wa bonde haendi kwa mume bila chipukizi la mtende wa baba yake. Asiye nalo husemwa kwamba amefukuzwa. Bassou akauzunguka mti, akang'oa chipukizi upande wa pili, upande mzima, majani yake mabichi kabisa. Mguu ukiumwa, alijiambia, mkono hauna kosa.

Baada ya miaka minne shamba la mkwewe, Moha, mume wa Tuda, lilikuwa na visiki kumi na kimoja. Bassou naye alikuwa ameangusha miti miwili, akisema ni uzee.

"Uzee gani?" Haddou alimcheka. "Mitende yako inazeeka, wewe bado unakwea kama nyani!"

Huyo Haddou, jirani wa Moha upande wa juu wa mfereji, ndiye aliyeangukiwa na lawama, kwa kuwa aliwahi kuleta miche ya mbali. "Maji yanayopita kwako ndiyo yaliyotuua!" Tuda alimpigia kelele mbele ya watu. Wakamfungia zamu yake ya maji. Bassou alikuwepo. Alikunywa chai yake hadi mwisho.

Ndipo akaja Rqia, msomi wa kituo cha kilimo, akachonga vipande vya visiki na mizizi bonde zima. Bassou mwenyewe alimshikia shoka. Mti mkavu utasema nini? alijiambia.

Alirudi baada ya mwaka, majira ya mavuno. Wote walikaa uani kwa Tuda.

"Kuvu inayoleta bayudi ina jenomu," alisema, "yaani maandishi yote ya urithi wake. Ikizaliana hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Kwa hayo tunajua ukoo wake."

"Basi tusomee ukoo wa Haddou," Moha alisema, watu wakacheka.

"Kuvu ya kwa Haddou haiui mtende. Imekosa kromosomu moja ndogo, ile yenye silaha. Ya hapa inayo, na makosa yake nimeyakuta katika kisiki kimoja tu cha bonde hili." Alimgeukia Bassou. "Ni chako, Ami. Ila sielewi ilifikaje huku. Mfereji wako hauji upande huu."

Msomi hakuelewa. Waliobaki walikumbuka chipukizi la harusi.

"Baba," Tuda alisema. "Ulijua?"

Hakuna aliyeona kuti likiungua. Angeweza kusema hapana, na binti yake angemwamini. Alikuwa amemwamini maisha yake yote.

"Nilichukua upande mzima, mama."

"Kuvu hukaa mizizini, Ami," Rqia alisema polepole. "Mti mmoja hauna upande mzima."

Tuda hakulia. Alichukua jembe, akatoka bila viatu, akapanda kando ya mfereji hadi kwa Haddou. Bassou alimfuata kwa mbali. Alimwona akibomoa udongo uliokuwa umeziba njia ya maji.

Maji yakaingia. Mitende ya Haddou, ambayo bayudi haikuigusa hata mmoja, ilisimama makuti yakiwa yameinama, makavu, ya kahawia pande zote. Ilikuwa imekufa kwa kiu.

Haddou alikuwa ameketi mlangoni. Aliyatazama maji yakizunguka mashina.

"Mmechelewa," alisema, kisha akaingia ndani.