Pichi ya Mama Sunrye

Tak Eokman alitengeneza vyombo vya meza za wasomi kwenye tanuri la mfalme, na mimi ndiye niliyemkandia udongo. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mpasua kuni, lakini samaki aliyemchora akiruka juu ya mawimbi, ungedhani atakurushia maji. Kila umbo lina maana yake: samaki ni wa vijana wanaongojea mitihani. Popo ni baraka. Pichi, lile tunda, ni maisha marefu; pichi ya kauri hutiwa maji ya kusagia kipande cha wino mkavu. Ina tundu juu na tundu ubavuni: ukiziba la juu kwa kidole maji yanatulia, ukiachia yanadondoka tone moja moja. Nilimhusudu mtu yule, nasema kweli.

Chombo chenye kasoro kilivunjwa kwa nyundo palepale tanurini, na aliyekificha alichapwa viboko. Sasa mwaka ule mkewe, Mama Sunrye, alikuwa hoi kwa homa. Kichwa hakiinuki, maji ya kijiko yanampalia. Pichi moja ikatoka tanurini na jani lililopinda. Eokman akaitia kifuani, akaenda nayo nyumbani.

"Haya ndiyo maisha marefu? Mbona yamepinda?" mkewe alimtania kwa sauti iliyokauka.

"Yako yalinyooka lini? Fungua mdomo."

Akamnywesha tone kwa tone, mpaka homa ikaanza kulegea.

Wambea nao hawakukaa kimya. Pyo, msimamizi wa tanuri, alikuja na nyundo mkononi. Eokman akapiga magoti, na mimi nikachungulia pale mlangoni.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, bwana mkubwa," Mama Sunrye alijibu akiwa amelala, pichi kando ya mdomo. "Ivunje, ni haki yako. Ngoja tu nimalize kunywa."

Pyo akaketi. Tone likadondoka. Baadaye jingine. Miguu ikamfa ganzi.

"Bado tu?"

"Bado, bwana mkubwa. Koo langu jembamba."

Akainuka, nyundo kwapani, akaondoka akinung'unika. Tangu hapo, kila alipokutana na Eokman alimuuliza, "Mkeo amemaliza?"

"Bado, bwana mkubwa."

Mama Sunrye aliishi mpaka akabeba wajukuu mgongoni. Tulipokwisha kumzika, Eokman aliichukua ile pichi mwenyewe, akaenda kuiweka mezani kwa Pyo.

"Amemaliza, bwana mkubwa."

Pyo hakuishika nyundo. Akaijaza maji, akaanza kusaga wino.