Mutua amekufa, lakini bado anatusalimia kazini

Admin, nifichie jina. Nina miaka 26, naishi mtaa wa Lindi, Kibera, hapa Nairobi. Nilijifunza kompyuta baada ya kidato cha nne, na sasa nafanya kazi katika kampuni ndogo karibu na stendi ya Olympic. Tunatengeneza programu ya simu.

Zamani, kila tulipobadilisha kitu kwenye programu, ilibidi mmoja wetu akodishe seva za mtandaoni na kuziandaa moja moja kwa mkono. Rafiki yangu, nitamwita Mutua, aliandika maagizo ya kompyuta ya kufanya hayo yote, yakiendeshwa na akaunti yake. Tukituma toleo jipya la programu, seva mpya zinawashwa zenyewe, zinajaribiwa, na za zamani zinazimwa. Kisha ujumbe unaingia kwenye kundi letu la ujumbe la kazini ukiwa na jina na picha yake: "Niaje wadau, nimemaliza. Mandazi yako wapi?" Alitunga salamu nyingi, na mashine huchagua mojawapo.

Mutua aliugua ghafla, tukamzika Kitui. Jumatatu iliyofuata tulituma toleo jipya. "Niaje wadau." Hakuna aliyeinua kichwa.

Jumamosi moja mama yake alikuja kutoka Kawangware kuchukua sweta ambayo Mutua aliiacha kwenye kiti chake. Akiwa ameishika, toleo likamalizika na ujumbe ukaingia. Hii salamu hatukuwa tumewahi kuiona: "Nachelewa kidogo. Msiondoke bila mimi."

Mama aliona picha ya mwanawe kwenye skrini yangu. Akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikamsomea. Akairudisha sweta kitini, akainyoosha mikono. "Basi tuiache. Akija atasikia baridi."

Nilimweleza polepole kwamba ni mashine tu. Akanitazama. "Mwanangu, najua amekufa. Mimi ndiye niliyemzika. Nilikuuliza tu amesema nini."

Tangu siku hiyo hunipigia kila Jumamosi, akishafunga kibanda chake cha mboga. Namsomea salamu za wiki. Akisikia ile ya mandazi hucheka: "Huyo na tumbo lake!" Nami kila usiku naandika kwenye shajara yangu tarehe, na alichosema Mutua. Siku hizi nikisikia mlio wa ujumbe wake nageuka kuangalia kiti.

Sasa bosi ameniita. "Bro, pole, lakini akaunti ya marehemu haiwezi kuendelea kushika funguo za seva zetu. Hamisha kila kitu kwako. Ijumaa iwe imefungwa." Ana haki. Mtu akiidukua, tumekwisha.

Kazi yenyewe nimeshaihamisha, imebaki kufunga akaunti yake. Naweza kunakili salamu zake zote, niweke picha yake, na mama hatajua kitu. Lakini zitakuwa zinatoka kwangu. Na Jumamosi iliyopita, kabla hajakata simu, aliniambia, "Siku akinyamaza, usinifiche. Njoo uniambie mwenyewe, na uniletee ile sweta."

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Ninakili sauti ya rafiki yangu, au nibebe sweta niende Kawangware?