Mstari Uliotetemeka

Mafundi walimwita Mama Volti, ingawa hakuwa na mtoto. Wao walikuwa juu mlimani wakiunga mabomba ya maji katika baridi ya kugandisha mate. Yeye alikuwa mjini, katika chumba chenye dirisha moja na hita iliyonuka vumbi, akitazama skrini. Kila mashine ya kuchomelea kule juu ilimletea mistari miwili: volteji na mkondo wa umeme. Fundi akiinua mkono kidogo, volteji inapanda. Fimbo ya kuchomelea ikigusa chuma, volteji inaanguka. Hakuona sura ya mtu, lakini aliwajua kwa mikono yao, kama mtu anavyomjua jirani kwa kikohozi.

Mashine ya tatu ilikuwa ya mdogo wake, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, kijana huyo aligusisha fimbo kwenye chuma mara mbili, upesi. Mstari ulichovya, ukachovya tena. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake.

"Karibu, mtukutu," dada aliiambia skrini.

Asubuhi moja hodi ilikuja, lakini mstari uliofuata ulitetemeka kama uzi wa buibui penye upepo. Akampigia simu.

"Mkono wako una nini?"

"Baridi tu, dada. Wewe umekumbatia hita, utaijulia wapi?"

"Nakuuliza mkono."

"Vidole vimekuwa vyeupe. Vina ganzi. Lakini usinisemee, tafadhali. Hapa anayelalamikia mikono anashushwa, na akishushwa harudi. Niache nimalize bomba hili."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi nife nina kazi," alisema, akacheka. Kicheko hicho kilimshinda dada yake tangu utotoni.

Mstari ukitetemeka kupita alama nyekundu, alipaswa kubonyeza kitufe na kuzima mashine. Ndiyo sababu aliwekwa pale. Sasa ulikuwa umeipita. Aliweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa. Amalize bomba.

Saa ya chakula ilikaribia pale volteji ilipoanguka hadi chini, na mkondo ukapanda, ukabaki juu. Fimbo imenata. Fundi yeyote huikwanyua papo hapo. Alisubiri aikwanyue. Mistari ililala vile vile, imenyooka, haitetemeki tena hata chembe.

Akabonyeza.

"Nani kazima?" msimamizi alifoka kwenye simu. "Tumechelewa, mama!"

"Mwangalieni wa mashine ya tatu."

Walimkuta amepiga magoti, kishikio cha fimbo mkononi, glavu zote mbili zimeganda kama ubao. Vidole vilikataa kufunguka. Wenzake walivifungua kimoja kimoja.

"Jamani, hivyo ni vyangu?" aliuliza, kama anayeulizia mzigo wa abiria mwingine.

Hospitali ilimwachia kidole gumba tu katika kila mkono.

Sasa anaishi kwa dada yake. Asubuhi dada humfungia vifungo vya shati, na huwa hawatazamani. Siku moja tu kijana aliuliza, "Uliona tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na mimi nilikuomba," akasema, akageukia dirishani.

Mashine ya tatu imepata fundi mwingine. Mstari wake umetulia, na habishi hodi. Jioni nyumbani, mdogo wake akirudi kutoka matembezini, hawezi kuzungusha kitasa. Hugonga mlango kwa kiwiko, mara mbili, upesi. Dada hubaki kitini kidogo kabla ya kwenda kumfungulia.