Mama Alipokataa Kuwa Muha

Kwa nini mtu aliyeishi Dodoma muda mrefu kuliko alivyoishi kwao, anayesonga ugali wa uwele kuwapita mawifi zake, akatae kusema uongo mmoja mdogo ambao ungemwachia nyumba yake?

Swali hilo lilinisumbua tangu arobaini ya baba. Baba alikuwa Mgogo wa Mvumi. Mama ni Mrundi. Aliishi nchini kwa kibali cha ukaazi kilichomtaja kama mke wa raia, na kila kilipokaribia kuisha, baba ndiye aliyekwenda kukihuisha. Sasa baba alikuwa kaburini na kibali kilikuwa kinaelekea ukingoni. Ama mama apate kingine kwa jina lake mwenyewe, ama aondoke.

Shangazi, dada yake baba, alifika kwetu Nzuguni na suluhisho kabla hajatua kikapu.

"Wifi, majirani wote hapa wanadhani wewe Muha. Nenda kajiandikishe Muha wa Kigoma, uchukue kitambulisho cha taifa, yaishe. Lugha si ni moja?"

"Si moja," mama akasema.

"Zinakaribiana! Nani Dodoma hii atajua tofauti?"

"Mimi."

Shangazi akanigeukia. "Msomi, zungumza na mama yako. Kichwa cha huyu Mrundi ni jiwe la Kolo."

Nikazungumza. Chuoni nilijifunza kutilia shaka kila kitu, na mipaka ya Afrika ilikuwa juu kabisa ya orodha yangu. Nikamweleza kwamba mstari unaowatenganisha Waha na Warundi ulichorwa na watu ambao hawakuwauliza Waha wala Warundi. Kama kuna uongo, uko kwenye ramani, si mdomoni mwake. Bado naamini hivyo. Mama alinisikiliza huku akichambua mlenda.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nitafutie fomu ya wageni."

Nikaijaza kwenye kompyuta, nikaambatisha cheti cha ndoa, cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Penye nafasi ya mwenyeji wa mwombaji niliandika jina langu. Nilikaa nikiitazama skrini: mimi, mwenyeji wa mwanamke aliyenizaa.

Siku ya kuitwa ofisi ya uhamiaji, mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Shangazi alikuja pia, kwa hasira zake zote. Tukiwa kwenye foleni, mama akawa anapiga soga kwa Kigogo na mlinzi mzee wa mlangoni. Ofisa mmoja kijana aliyekuwa akipita akasimama.

"Shikamoo, mama. Umekosea foleni. Hii ni ya wageni, wananchi wanahudumiwa dirisha lile kule."

Shangazi akanifinya mkono. Mlango ulikuwa umefunguliwa bila hata sisi kubisha hodi. Kilichotakiwa ni mama kunyanyuka tu na kwenda alikoelekezwa.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Sijakosea. Mimi ni Mrundi. Nimekuja kuomba kukaa."

Hakushusha sauti. Watu wakageuka.

"Mrundi? Kwa Kigogo hiki? Mama, mimi wa Chamwino umenipita."

"Mji umekuharibu."

Foleni ikaangua kicheko, na ofisa mwenyewe akacheka. Lakini zamu yetu ilipofika mezani kwake na akafungua jalada letu, uso ulibadilika.

"Mume ndiye aliyekuwa tegemeo la kibali. Sasa nani anakudhamini?"

"Mimi," nikasema. "Binti yake."

"Una kazi?"

"Nafundisha. Kwa mkataba."

Akatafakari. Jibu langu lilikuwa jembamba, hata mimi nililiona. Ndipo shangazi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akainuka.

"Na mimi niandike. Huyu ni mke wa kaka yangu. Mkimrudisha kwao, mtanipa wifi mwingine wapi? Huyu nimeshamfundisha."

"Shangazi, hilo halimo kwenye fomu," ofisa akasema.

"Liandike pembeni."

Aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, na mama akiwa wima mbele ya meza, mkoba kifuani, kama mtu anayesubiri chenji yake halali. Nimehudhuria mahafali yangu na ya rafiki zangu wengi. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama asubuhi ile.

Kibali kilitoka. Shangazi alipiga vigelegele, kisha akazunguka mtaani kuwasahihisha majirani: "Muha nani? Wifi yangu ni Mrundi, tena Mrundi mwenye kibali!"

Nilimuuliza mama mara nyingi kwa nini alikataa. Alikuwa akijibu, "Sikutaka," na kuendelea na shughuli zake.

Ni mwaka huu tu ndipo mpwa mmoja wa mama kutoka Burundi, mtoto wa kaka yake, aliponieleza kwamba mama alikuwa na dada, aliyevuka mpaka kabla yake na kujiandikisha Kigoma kama Muha, kwa jina na ukoo wa kuazima. Alipofariki, baba akiwa bado hai, mama alisafiri kwenda kumzika, na kwa kuwa hata watoto wa marehemu hawakujua asili ya mama yao, alikaa msibani hadi matanga yalipokwisha akijitambulisha kama jirani wa zamani.